Chuma Kilichokuwa Ndani ya Mpini

Chirima,

Watu wenye adabu huanza barua kwa salamu. Mimi salamu zako leo nimezikalia. Ile shikamoo uliyokuwa ukinidai kila asubuhi, eti kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa kwa msimu mmoja wa mahindi, hupati. Nina hasira nawe mpaka kalamu inatoboa karatasi. Usiseme ni uzee. Mkono huu juzijuzi umetoboa ngozi ya ng'ombe mashimo sitini, na yote yamekaa kwenye mstari mmoja kama siafu wanaokwenda harusini. Kwa hiyo ni hasira.

Naandika mwenyewe. Zile herufi za gumbaru ulizonicheka, ukasema mzee mzima anakwenda kufundishwa A na mtoto wa dada yake, ndizo hizi. Zimepinda, lakini zinasomeka. Na kama huko uliko hakuna wa kukusomea, shauri yako. Ungekuja darasani.

Sasa sikiliza, na usinikatize kama ulivyozoea.

Wiki moja baada ya kukuzika, mwanao Juma alinijia nyumbani na gunia. Alitoka Diani, kazini kwake hotelini, na shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Akaniamkia vizuri, hilo nalisema, mama yake amemlea. Akalimwaga gunia mbele yangu. Uta wako umevunjika ncha moja. Podo la mishale limeliwa na mchwa upande mzima. Fito za mishale saba, zimepinda kama miguu yako. Na kile kisu.

Akasema, "Baba alipokuwa amelala hospitali, kabla hajakata kauli, alisema hivi: kisu apelekewe Nyawa, kwa mkono wake, asipewe mtu mwingine. Mpini umelegea, auvue atie mpya."

Nikakishika. Kutu imekula ubapa hadi rangi ya hina, ala imekauka na kupasuka. Lakini mpini, Chirima, mpini haukulegea hata kidogo. Ulikuwa imara kama jino la mamba. Nikasema moyoni, homa ilikuwa imekwisha mpanda kichwani, maskini. Nilikuonea huruma siku ile. Naidai huruma yangu irudi.

Juma akasema anaweza kukipeleka Ukunda, kuna fundi ana grenda. "Dakika tano tu, baba, kinang'aa kama kioo, iko poa." Nikamwambia, "Mwanangu, anza kwanza kupiga grenda meno yako, yaking'aa nitakupa kisu." Akacheka. Hajui kuwa moto wa ile mashine huua chuma, kikang'aa nje na ndani kikawa laini kama uji. Na hajui kile ni chuma gani. Mimi na wewe ndio tuliojua. Springi ya lori lililopinduka Mackinnon Road, tukaibeba begani kwa zamu siku mbili, tunapumzika kila penye kivuli, mpaka kwa yule mhunzi kipofu wa jicho moja. Mimi nikavukuta mivukuto, wewe ukagonga. Wewe kila mahali ulisema ulikigonga peke yako. Hata hewa ya mivukuto uliiba.

Basi nikafanya kazi. Na nikikwambia nilifanya kazi, ujue hakuna mtu kuanzia Kinango mpaka Vanga ambaye angeifanya hivyo, walio hai na walio wafu, wewe ukiwa wa kwanza kushindwa. Uta nimeuchonga mpya kwa mti niliouchagua mwenyewe, nikaukausha juu ya dari la jikoni mwezi mzima, nikaupaka mafuta ya nazi ya Msambweni, maana haya ya dukani yana maji. Upote wa uta nimeusokota kwa mishipa ya ng'ombe, nimeutafuna kwanza ulainike, na nina meno sita, hesabu hiyo unaijua. Podo nimelishona kwa ngozi. Zamani tungetumia ngozi ya mnyama wa mwituni, sasa ni ya ng'ombe wa soko la Ijumaa, aliyekufa kwa kiu na wala si kwa mshale wa mtu. Fito nimezinyoosha juu ya moto, moja moja, huku nikizifunga manyoya ya kanga. Na kisu nikakitoa kutu kwa majivu na mchanga laini na ndimu, siku kumi nasugua na gunzi la hindi, kisha nikakinoa juu ya jiwe la babangu. Kilipoanza kuonekana ule mstari wa buluu kwenye makali, nilikaa kitako nikakiangalia. Nikasema, Chirima, ungeuona. Ndivyo nilivyokuwa mjinga, bado nakupenda.

Mpini niliuacha wa mwisho. Si nimekwambia haukuwa umelegea. Lakini maneno ya mtu anayekufa hayapuuzwi. Siku tatu kabla ya kumaliza matanga, nikaukalia mpini ule na patasi. Ukakataa. Nikaupasua. Ndani umejaza nta nyeusi na utomvu, na kando ya mkia wa kisu, umesokomezwa kama kabari, kipande cha chuma.

Nikadhani ni msumari. Nikakikwangua nta kwa kucha.

Chembe ya mshale. Na kwenye shingo yake, mguu wa kuku.

Wewe unaujua mguu wa kuku. Kabla sijajua kuandika jina langu, huo ndio uliokuwa jina langu. Michoro mitatu inayokutana mahali pamoja. Wako ulikuwa vidoti viwili na mkwaruzo. Kila mwindaji alichora alama yake kwenye chuma, ili nyama ikianguka, asitokee mtu akasema ni yake. Fito hudondoka porini, chuma hubaki ndani ya mnyama. Chuma ndicho shahidi.

Nilikaa na shahidi huyo kiganjani mpaka chai ikapoa, na mbuzi akaja akala ndimu zangu zote sikumfukuza.

Nyati, Chirima. Yule nyati.

Mwaka ule wa njaa, serikali ilikuwa imekwisha piga marufuku kuwinda, na mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Mimi na wewe tulijificha kichakani, tukaachia mishale pamoja, sauti mbili za upote zikawa moja. Mmoja umepiga, mmoja umepotelea majanini. Nyati akakimbia na sumu yake. Wewe ulikuwa na mbio, mimi nilikuwa na tumbo. Ulifika kwanza. Nilipofika nahema ulikuwa umekwisha kukata nyama ya kidonda, ile yenye sumu, ya kutupwa, na chembe umeishika juu, imejaa damu tupu, kama mita kumi kutoka nilipo. Ukasema, "Ni wangu. Pole, mtani." Ukaitia kibindoni.

Nikakuamini. Mimi, ambaye nimewadanganya watu wa tarafa nzima kuwa chatu alinibeba mgongoni mpaka ng'ambo ya mto, nikamwamini mtu kwa kuona damu.

Ukapewa kidari. Ukapewa mkia. Wazee wakakumwagia maji miguuni, wanawake wakakupigia vigelegele, na Mbodze, ambaye ulikuwa umekwisha kumposa, akacheka kwa meno yote. Nami nikala utumbo, nikashukuru.

Kisha mjinga mmoja akapeleka nyama kwa madereva wa malori. Siku ya nne askari wa wanyama wakaja na mbwa na gari. Wakatukusanya uwanjani. Mkubwa wao akauliza, "Mshale ulikuwa wa nani?" Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na mimba ya miezi minane. Nakumbuka pumzi yake shingoni mwangu. Wewe ukainuka, ukajikung'uta vumbi matakoni, ukasema, "Wangu mimi."

Miezi kumi na minane. Ulirudi umekonda, jino moja la mbele halipo, na kikohozi ambacho hakikukuacha mpaka kikakuzika.

Sasa nijibu. Nimekuuliza swali hili kwenye shamba, nimekuuliza nikiwa chooni, nimeliuliza lile kaburi lako mpaka watu wamedhani nimechanganyikiwa. Uliniibia nyati au uliniokoa jela? Ulijua siku ile kichakani kwamba askari watakuja? Hukujua, hukuwa mganga wewe. Basi uliiba. Uliona mguu wa kuku kwenye chuma, ukaona sifa, ukaona Mbodze anavyokutazama, ukaiba. Halafu waliposimama askari ulikuwa na chuma kibindoni, ungekitoa tu. "Huu hapa, ni wa Nyawa, tazameni alama." Hukukitoa. Kwa nini? Ni mke wangu na tumbo lake? Au uliona haya kusema mbele ya wale waliokupigia vigelegele kwamba ulidanganya, ukaona heri jela kuliko aibu? Nakufahamu. Unaweza kuwa ulifanya yote mawili kwa pumzi moja. Hata wewe labda hukujua. Lakini miaka yote ile uliketi nami, tumekula ugali sahani moja, ukinyamaza.

Na ukafanya kitendo kikubwa zaidi cha kunikasirisha: ukaniacha nikucheke.

Mimi ni mtani wako. Kazi yangu ilikuwa kukucheka, na kazi hiyo nimeifanya kwa bidii kuliko kulima. Nani alikuita Mfungwa? Mimi. Siku ya harusi yako nani alipiga kelele mbele ya wakwe, "Mhesabuni bwana harusi kabla ya kulala, hawa hutoroka"? Ukitia chumvi kwenye chai nasema, umezoea ya jela. Ukikohoa nasema, uji wa serikali huo unatafuta njia ya kurudi. Watu wakavunjika mbavu. Wewe ukacheka pia, na lile pengo lako. Ulikuwa ukicheka nini, Chirima? Ulikuwa ukinicheka mimi?

Na siku ya kukuzika. Nililala ndani ya kaburi lako kama ilivyo ada ya watani, nikasema sitoki mpaka nipewe kuku. Kisha nikasimama mbele ya umati, shekhe upande mmoja na mchungaji upande mwingine, nikasema, "Fungeni vizuri, huyu ana rekodi." Umati mzima ukacheka katikati ya kilio. Nikajiona bingwa. Nilirudi nyumbani na kuku wangu nikalala usingizi mzuri.

Kifungo kilikuwa changu. Nilikuwa nakucheka kwa kifungo changu. Ungenipiga kofi mara moja tu, hata ukiwa mlevi, ukasema, "Nyamaza, we mbwa, ule mshale ulikuwa wako." Mara moja tu. Ningekasirika mwaka mmoja, tungeyamaliza. Badala yake umengoja ufe, ukanipelekea ukweli ndani ya mpini kama mtu anayetia mwiba kwenye andazi.

Basi ikafika siku ya kumaliza matanga. Unajua desturi: anayemkabidhi mtoto silaha za babake lazima asimame aseme habari ya silaha hizo, zimeua nini, kwa mkono wa nani. Na watu walijaa, maana walisikia nitasema mimi. Walikuja kucheka. Niliwaona wamekaa na karanga mkononi.

Nilikuwa nimekwisha amua. Nikaita Juma mbele, nikampa uta, nikampa podo, nikampa mishale. Kisu nikabaki nacho. Nikasema, "Kisu hiki babako alikifua na mimi. Nyati aliyemfunga babako hakuuawa na mshale wake. Uliomuua ni mshale wangu. Babako alikaa jela mahali pangu." Basi. Sikuongeza chatu, sikuongeza simba, sikutia hata punje ya pilipili. Maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema mbele za watu. Nikaitoa ile chembe nikaiinua.

Wakacheka mpaka wengine wakalala chini.

Mmoja akasema, "Nyawa hatamwacha marehemu hata akiwa mchangani." Mwingine akasema, "Sasa anataka na nyati." Nikawaonyesha mguu wa kuku. Wakapokezana chembe, wanaigeuzageuza, na ndipo nikaona jambo ambalo sikuliwaza. Hakuna anayezisoma alama zile tena. Wazee waliozijua wamekwisha. Tulibaki wawili, na wewe ndiye shahidi wangu, na wewe ndiye uliyekufa. Juma akaitazama akasema kwa upole, "Baba, si ungeweza kuichora hata jana?" Ningeweza. Ni kweli, mtoto ana akili. Mtu aliyesema uongo miaka yote kwa ajili ya kuchekesha, atatoa wapi ukweli wa kuaminika akiuhitaji?

Mbodze hakucheka.

Alingoja watu wapungue. Akanijia akiwa amejifunga leso kiunoni, na mwenyewe unajua akijifunga hivyo kuna mtu ataumia. Akasema, "Nyawa, mume wangu hakuniachia ng'ombe. Hakuniachia nyumba ya bati. Aliniachia jina la mtu aliyesimama mbele ya bunduki akasema ni mimi. Nilimngoja na jina hilo, babangu akitaka kuniozesha kwa mwingine. Sasa wewe unataka kumnyang'anya hata jela yake?"

Nikasema, "Mbodze, si kumnyang'anya. Nataka kuirudisha iwe yangu."

Akasema, "Ndiko huko huko kunyang'anya."

Nikaaga bila kutia hata utani mmoja. Mimi. Siku hiyo ungekuwepo ungetoa mbuzi kwa furaha.

Nikatembea mpaka kwangu nikifikiri. Mwanamke yule alikungoja miezi kumi na minane kwa mshale wangu. Wenzake waliolewa wakazaa, yeye akawa anateka maji na kuchekwa kisimani, mchumba wa mfungwa. Na aliyelitunga jina hilo ni mimi. Nikiushikilia ukweli wangu, namwachia nini? Nami nibakie na nini? Na sifa ya nyati?

Mpini mpya nimeuchonga kwa mgurure, umeshika vizuri kuliko wako, na ndani sikutia kitu chochote isipokuwa nta. Juma amekichukua. Ile chembe nimemtupia mhunzi kijana wa sokoni kwenye moto wake pamoja na vyuma chakavu, nikasimama nikaiangalia mpaka ikapoteza sura. Mguu wa kuku umekwisha. Sitawaambia tena watu. Nyati ni wako, ladha yake na adhabu yake. Naumia kukupa. Nakwambia wazi naumia, maana ulikuwa mshale mzuri sana, ulipita katikati ya mbavu mbili, nao ulikuwa wangu.

Lakini kifungo sikuachii.

Bwawa letu limekauka tangu kiangazi kianze, na sasa maji ni ya kufuata mbali. Nimenunua punda, mjeuri kama wewe, ana mtindo wa kusimama katikati ya njia akafikiria maisha. Kila asubuhi namtwika mitungi minne, miwili yangu, miwili ya Mbodze. Ya Mbodze natangulia kuimimina. Siku ya kwanza alinifukuza. Siku ya pili akauliza, "Unanichumbia, mzee na meno yako sita?" Nikamwambia, "Meno yote sita ni mazima." Sasa haniulizi. Anaweka mtungi mtupu mlangoni. Kijiji kizima kinasema Nyawa anamtaka mjane wa mtani wake, na hata wajukuu zangu wananicheka. Nawaacha wacheke. Nakaa nacho kicheko chao kifuani nikijua ndivyo ulivyokuwa ukikaa na changu. Ni kizito, Chirima. Hukuwahi kusema ni kizito hivi.

Nimehesabu. Miezi kumi na minane, mvua inyeshe isinyeshe, bwawa lijae lisijae. Mitatu nimekwisha itumikia. Imebaki kumi na mitano, na uzee huu si dhamana nzuri, kwa hiyo huko uliko, kama una neno na Mulungu, mwambie asiniite kabla. Usinijie ndotoni kunipunguzia hata siku moja. Sitaki huruma ya mwizi. Na Mfungwa kwa mdomo wangu sikuiti tena, wala mtu hatakuita mbele yangu.

Haya, lala. Bado nina hasira, usidhani imekwisha kwa sababu nimeandika mengi. Kesho nitakuwa nayo, na keshokutwa. Lakini jua limepanda, punda amekwisha anza kufikiria maisha pale mlangoni, na Mbodze hapendi maji ya kuchelewa.

Nyawa